Kutoka deheni hadi TBT: rangi ya meli iliyovuruga uzazi wa viumbe vya bahari

Kwenye mzunguko wa barabara wa Al Bustan, mjini Maskati, limewekwa jahazi liitwalo Sohar. Liliundwa mjini Sur, mbao zake zikashonwa kwa kamba za makumbi bila misumari. Novemba mwaka 1980 liling'oa nanga Maskati kuelekea China, likiongozwa na Tim Severin, na likawasili Guangzhou Julai 1981. Sehemu yake ya chini ilipakwa chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, dawa ambayo mabaharia wa Uswahilini huiita deheni.

Kwa karne nyingi deheni ndiyo iliyokuwa kinga ya vyombo vilivyosafiri kwa kaskazi na kusi baina ya Oman na Afrika Mashariki. Iliwazuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Lakini haikudumu. Kila baada ya miezi michache jahazi lilipandishwa pwani, likakwanguliwa na kupakwa upya.

Meli za chuma nazo zina adui wao: mwani na viumbe vyenye magamba vinavyoganda chini ya maji, vikaipunguzia meli mwendo na kuiongezea gharama ya mafuta. Kuanzia miaka ya 1960 viwanda vilitoa rangi zenye tributilitini, kwa kifupi TBT, kemikali itokanayo na bati. Rangi hiyo ilikaa kwa miaka kadhaa bila kurudiwa. Matrah ilipopata bandari yake mpya katika miaka ya 1970, TBT ilikuwa ikienea katika meli za dunia nzima.

Dalili za hatari zilionekana kwanza Ulaya. Mwaka 1970, mtafiti Stephen Blaber alieleza kuwa konokono wa kike wa baharini huko Plymouth, Uingereza, walikuwa wameota kiungo cha kiume. Katika muongo huohuo, wafugaji wa chaza wa ghuba ya Arcachon, Ufaransa, walikosa makinda ya chaza, na chaza waliokomaa wakawa na magamba mazito yasiyo na umbo. Riziki ya watu wengi ilitetereka. Mwaka 1982 Ufaransa ilipiga marufuku rangi hiyo kwa vyombo vyenye urefu wa chini ya mita 25.

Mwaka 1986, Geoffrey Bryan na Peter Gibbs, pamoja na wenzao wa Plymouth, waliihusisha TBT na mabadiliko ya konokono. Kiasi kilichotosha kuyaanzisha kilikuwa kidogo mno: takriban gramu moja ya bati katika lita bilioni moja za maji. Kiasi kikizidi, kiungo hicho huziba njia ya mayai. Konokono hubaki hai kwa muda, ila hazai, na hatimaye ukoo wake hutoweka mwambani.

Ilichukua miaka mingi kufahamu jinsi sumu hiyo inavyofanya kazi. Ndani ya seli mna protini ziitwazo vipokezi. Homoni ikifika hushikana na kipokezi chake, na seli hupokea amri ya kukua au kubadilika. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kuwa TBT hushikana na kipokezi cha konokono kiitwacho RXR, ambacho kwa kawaida huitikia asidi zitokanazo na vitamini A. Seli hutii amri ambayo mwili haukuitoa.

Kipokezi hicho si cha konokono peke yake. Wanyama wenye uti wa mgongo wanacho pia, akiwemo mwanadamu. Mwaka 2006 kundi la Bruce Blumberg, wa Chuo Kikuu cha California huko Irvine, liliwaweka viluwiluwi wa chura wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis, katika maji yenye TBT. Seli za mafuta ziliota ndani na kandokando ya viungo vyao vya uzazi, mahali zisipostahili kuwa.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lilipitisha mkataba wa kuipiga marufuku TBT Oktoba 2001, nao ukaanza kutekelezwa Septemba 2008. Tangu dalili ya kwanza ya Plymouth ilikuwa imepita miaka 38. Sababu mojawapo ya kuchelewa ni kwamba sumu ilizoeleka kupimwa kwa idadi ya mizoga, ilhali hii iliharibu kizazi kabla ya kuua.

Mwaka 2014 shughuli za mizigo za bandari ya Matrah zilihamishiwa Sohar, mji ambao jina lake limebebwa na jahazi la Al Bustan, na Matrah ikaelekezwa kwenye utalii. Hata hivyo, marufuku haisafishi tope. TBT iliyotuama chini ya bandari yoyote iliyopokea meli za enzi hizo yaweza kudumu miaka mingi, na tope likichimbuliwa bila kupimwa, hurudi majini walipo samaki, chaza na konokono.