Wadukuzi Viwandani: Funzo la Mizani ya Miwa Kisumu

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, lakini riziki ilinipeleka Kisumu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha sukari huko bara. Asubuhi moja kompyuta ya mizani ikakataa kufunguka. Kwenye kioo palikuwa na maandishi ya kudai pesa. Nje matrekta yalikuwa yamepanga foleni, na muwa ukishakatwa hausubiri: kila siku inayopita hupungua utamu.

Ndugu zangu, tukisikia wadukuzi tunawaza benki na pesa za simu. Viwanda navyo wanavitaka, kwa sababu mwenye kiwanda kilichosimama hushawishika kulipa upesi.

Kiwanda huwa na kompyuta za namna mbili. Za ofisini hushika mishahara, hesabu na uzani wa miwa. Nyingine huendesha mitambo: joto la tangi, mvuke, kasi ya mashine. Hizi za pili mara nyingi ni za zamani, na hazifanyiwi marekebisho kwa kuogopwa kusimamisha kazi. Zikiunganishwa na za ofisini bila kizuizi, mdukuzi aliyeingia kwa karani anaweza kufika hadi kwenye mtambo.

Milango anayoingilia ni ya kawaida: barua pepe yenye kiambatisho chenye virusi, flashi iliyookotwa, nywila inayotumiwa na watu kumi, au njia aliyoachiwa fundi wa mbali.

Machi 2019 kampuni ya aluminiamu ya Norsk Hydro, ya Norway, ilifungiwa kompyuta zake. Haikulipa. Wafanyakazi waliendesha mitambo kwa mkono, huku data ikirejeshwa kutoka nakala za akiba. Julai 2021 ikawa zamu ya Transnet ya Afrika Kusini. Kazi ya makontena katika bandari ya Durban ikakwama. Sisi watu wa bandari tunajua maana ya hilo.

Hapa Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inamtaka mwenye mfumo ulioshambuliwa atoe taarifa kwa kamati ya kitaifa ndani ya saa 24. Kunyamaza kwa kuogopa aibu humwachia mwizi nafasi ya kwenda kwa jirani.

Kwetu, nakala ya akiba ilikuwepo, ila diski yake ilichomekwa kwenye kompyuta ileile, nayo ikafungwa pamoja. Kuanzia siku hiyo tulipima kwa kitabu cha karatasi ya kaboni. Lakini uzani wa wiki iliyotangulia ulikuwa umepotea. Mkulima aliyehifadhi risiti yake alilipwa. Aliyeipoteza alirudi ofisini mara kwa mara, na mimi niliyempimia sikuwa na cha kumwonyesha.

Kwa hivyo mwenye kiwanda, hata kiwe cha minofu ya samaki Kisumu au cha unga Mombasa: weka nakala mbali na mashine, tenga mtandao wa mitambo na wa ofisi, kila mtu awe na nywila yake, na siku moja moja ijaribu hiyo nakala kama inafunguka. Nawe mkulima, tunza risiti yako. Tahadhari kabla ya hatari.