Paa la Gari la Rais

Mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili tulipewa zoezi: chagua kitu kimoja, kifuatilie historia yake kama unavyofuatilia maisha ya mtu. Wenzangu walichagua cherehani, mlango wa Zanzibar, kanga ya bibi. Mimi nilichagua gari nisilowahi kuliona kwa macho. Lipo Dearborn, jimbo la Michigan nchini Marekani, katika makumbusho ya Henry Ford. Ni Lincoln Continental ya mwaka 1961, na ndani yake ndimo alimopigwa risasi Rais John F. Kennedy.

Mwalimu aliniuliza kwa nini hilo. Nikamjibu kwamba picha zake ni nyingi, kwa hiyo kazi itakuwa rahisi. Sikumwambia ukweli.

Gari lilitoka kiwanda cha Ford kilichokuwa Wixom, Michigan, likapelekwa Cincinnati, Ohio, kwa mafundi wa kampuni ya Hess & Eisenhardt. Wakalikata, wakalirefusha kwa takriban mita 1, wakaliimarisha chesisi. Kiti cha nyuma kiliweza kunyanyuliwa kwa mashine zaidi ya sentimita 25, rais aonekane hata na aliye mbali. Nyuma waliweka vikanyagio na mishikio ya walinzi. Paa lilikuwa vipande vya plastiki angavu vya kuchomoa na kurudisha, na rangi ilikuwa bluu iliyokoza. Gharama ilikaribia dola 200,000, lakini Ford waliikodishia serikali kwa dola 500 tu kwa mwaka.

Ukiisoma orodha hiyo unaielewa nia yao: walitaka mtu aonekane. Hata ile plastiki ilikuwa ya kuzuia mvua na upepo, si risasi. Novemba 22, 1963, mvua ya asubuhi ilikatika, jua likawaka, na msafara ukaingia Dallas gari likiwa wazi.

Nilipofika hapo nilitarajia kusoma kwamba gari lilifungiwa mahali, lisiguswe tena. Sivyo. Lilirudishwa kwa mafundi wale wale wa Cincinnati. Rais mpya, Lyndon Johnson, alihitaji gari la misafara, na kuunda jingine kungechukua muda mrefu. Wakaweka paa lisilotoka, vioo vinene visivyopenya risasi, vyuma vya kinga kwenye bodi, injini yenye nguvu zaidi, na matairi yanayoweza kuendelea hata yakitobolewa. Uzito uliongezeka kwa karibu tani 1. Viti vikavalishwa upya. Bluu, ambayo kila mtu sasa aliijua kwa picha za siku ile, ikafutwa kwa rangi nyeusi. Kazi hiyo ilizidi dola 500,000, na mwaka 1964 gari likarudi barabarani.

Hapo ndipo nilipoacha kuandika kwa siku kadhaa.

Baba mdogo alifia katika gari la nyumbani kwetu. Ilikuwa usiku, karibu na Chalinze, akagonga lori lililosimama bila taa. Mkanda wake ulikuwa umechomekwa nyuma ya mgongo, kama wengi wanavyofanya ili kile kikengele kisilie. Msibani tuliambiwa na kila aliyekuja kutoa pole kwamba ajali haina kinga. Baada ya arobaini, baba alilipeleka gari kwa fundi. Hatukuwa na fedha za kununua jingine. Likabadilishwa boneti na kioo cha mbele, likapigwa rangi ya kijivu juu ya nyeupe. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikamchukia baba kwa kutupandisha humo.

Alitunga sheria moja: haondoi gari mpaka wote tufunge mikanda. Alikuwa anageuka na kuhesabu, mmoja mmoja.

Kwa hiyo nilipourudia utafiti wangu, nilikuwa namtafuta baba humo ndani. Nikampata, ila si pale nilipotarajia. Baada ya kulifunga gari kila upande, wakubwa walianza kulifungua tena. Johnson alitaka kioo cha nyuma kiweze kuteremka, kikatengenezwa kiteremke. Alipoingia Richard Nixon, paa lilibadilishwa, likawekewa sehemu ya kufunguka ili asimame na kuwapungia watu mkono. Haikupita hata miaka kumi na mbili tangu Dallas, na rais alikuwa tena nje ya gari lile lile, kuanzia kifuani kwenda juu. Gari lilistaafu mwaka 1977, katika utawala wa Jimmy Carter. Anayelitazama leo Dearborn haoni gari la Dallas. Anaona gari jeusi lenye paa linalofunguka.

Watu hawakuwa wajinga. Walijua vizuri kilichotokea ndani ya kile kiti. Lakini hofu inahitaji kuhesabiwa kila safari, na kuhesabu kunachosha. Kwetu, mwaka wa pili, mama alinunua vitambaa vipya vya viti, na mikanda ya nyuma ikabaki chini yake. Hakuna aliyesema kitu. Nami sikusema.

Krismasi iliyopita tulisafiri na gari lile lile, mimi nikiwa mbele. Mkanda wa baba ulikuwa nyuma ya mgongo. Nilimsimulia habari za gari la Kennedy tangu Cincinnati mpaka paa la Nixon. Alisikiliza bila kunikatisha.

"Wakalitoboa tena?" akauliza.

"Ndiyo, baba. Wakalitoboa."

Tulipokaribia Chalinze alipunguza mwendo, akasimama pembeni ya barabara, akapeleka mkono nyuma na kuchomoa mkanda. Kikengele kikaanza kulia. Alikiacha kilie kwa muda, akitazama mbele, kisha akaufunga, akageuka nyuma na kuanza kuhesabu.