Walikotoka Machinga

Kabla neno "machinga" halijawa jina la kila kijana anayetembeza mitumba Kariakoo, Wamachinga walikuwa, na bado ni, kabila la mkoa wa Lindi. Historia yao tumezoea kuisimulia kwa upande wa waliofika Dar es Salaam. Mimi navutwa na upande wa pili: kwao alibaki nani?

Walibaki wazee. Tukisikia jamii inazeeka tunaikumbuka Japani, ambako watoto ni wachache. Sisi ni taifa la vijana. Sensa ya 2012 iliwakuta wenye miaka 60 na zaidi wakiwa asilimia 5.6 tu. Lindi na Mtwara uwiano huo ni mkubwa zaidi, na sehemu ya sababu ni vijana kuondoka.

Waliondokeshwa na korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000, nyingi zikitoka kusini. Kisha Operesheni Vijiji ikawahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ikadidimia, na 1986/87 zikapatikana tani kama 16,500. Kijana wa miaka 20 angengoja nini?

Lakini mkorosho hauulizi umri wa mwenyewe. Unataka kupaliliwa, kupogolewa, kupuliziwa salfa kwa wakati, na bomba hubebwa mgongoni. Bibi mwenye mikorosho hamsini na magoti mabovu ana mali asiyoweza kuihudumia. Mwanawe humtumia hela kwa simu, sawa, ila haziji kila mwezi. Ndipo huingia kangomba, mnunuzi wa mapema: leo anatoa hela ya dawa na sukari, msimu ukifika anabeba korosho kwa bei ya kutupa. (Wanasiasa humlaani kila mwaka. Sijawasikia wakiuliza wateja wake ni akina nani.)

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa Rufiji, na safari ya Dar ikawa nyepesi. Mwaka huohuo ikatoka Sera ya Taifa ya Wazee, ikiitaja familia kuwa msingi wa matunzo yao. Familia ipi, ile iliyopanda basi?

Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mkazi aliyetimiza miaka 70 hupata pensheni, awe aliajiriwa au la. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara hatuna pensheni ya namna hiyo. Elfu ishirini haimtoi mtu kwenye umaskini. Ila kwa bibi wa Kilwa ingelipa kibarua siku kadhaa za palizi, na korosho zake zikafika mnadani zikiwa bado zake.