"Will" na "-ta-": Wakati Ujao Ulianza na Kutaka

Wapo wasomi wanaodai kwamba Kiingereza kina nyakati zilizokomaa, ilhali sisi tuna viambishi tu vya kubandika. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha, kwa kutumia kitenzi kisaidizi kimoja, will, kwamba dai hilo ni kasumba.

Mwanafunzi hufundishwa kuwa will ni alama ya wakati ujao, basi. Lakini katika Kiingereza cha Kale, willan kilikuwa kitenzi kamili chenye maana ya "kutaka". Mjerumani hadi leo akisema ich will, anasema "nataka". Mwenzake, shall, alitokana na kitenzi kilichomaanisha "kudaiwa". Kwa hiyo Mwingereza aliujenga wakati wake ujao kwa matakwa na deni. Shakespeare naye, katika soneti ya 135, analichezea neno will: mara ni tamaa, mara ni jina lake mwenyewe.

Na sisi je? Hiyo -ta- yetu ni kitenzi taka kilichokatwa mkia. Mkia wenyewe hurudi penye urejeshi: tunasema "atakuja", lakini "atakayekuja" na "atakapokuja". Tena safari hiyo bado inaendelea midomoni mwa watu. Kwetu Nansio wingu likitanda ziwani utasikia, "Mvua inataka kunyesha." Hivi mvua ina hamu gani? Haina. Kutaka kumeanza kugeuka kuwa wakati.

Atakayebisha atasema asili ya neno si maana yake ya leo. Kweli; "jua litachwa" halina matakwa ya mtu. Lakini mhusika wa riwaya anaposema "nitakuoa", je, anatabiri, anaahidi au anatamani? Hapo asili inamsaidia mhakiki kuuliza.

Tazameni historia ya fasihi ya Ukerewe. Aniceti Kitereza alikamilisha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Kikachapishwa mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe. Mwaka 1981 akafariki. Kwa miaka 35, kusema kitabu hicho "kitachapishwa" hakukuwa kutaja wakati. Kulikuwa kutaka.

Basi wenzangu, tukutanapo na -ta- katika kazi ya fasihi, tusiipite kama kituo kisicho na abiria. Tuulize: ni nani anayetaka, na ni nani mwenye uwezo wa kulitimiza analolitaka?