ADHD kwa vijana wa Kapkatet

ADHD, yaani tatizo la upungufu wa umakini na utundu uliokithiri, ni hali ya ukuaji wa ubongo. Dalili zake hujitokeza kabla ya miaka 12 na mara nyingi hudumu hadi utu uzima. Kwa kiasi kikubwa hurithiwa. Si laana, wala si zao la malezi mabaya.

Kapkatet, mji wa Kaunti ya Kericho, kijana mwenye hali hii huitwa mtukutu au kichwa ngumu. Msichana anayeduwaa dirishani bila kumsumbua mtu haitwi chochote, naye ndiye huchelewa zaidi kutambuliwa.

Hakuna kipimo cha damu. Mhudumu wa afya huwahoji wazazi na walimu, kwa kuwa dalili lazima zionekane zaidi ya mahali pamoja, kisha huchunguza usikivu, usingizi na kifafa. Hospitali ya Kapkatet inaweza kumpa kijana rufaa hadi Kericho, au Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret. Upande wa shule kuna vituo vya serikali vya kutathmini wanafunzi wenye mahitaji maalumu, vilivyoanzishwa 1984.

Dawa inayojulikana zaidi ni methilifenideti. Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena 2021, na nje ya miji mikubwa kuipata ni shida. Chai ya rangi si mbadala. Ikinywewa usiku huharibu usingizi tu.

Kwa hiyo mzigo mkubwa hubaki nyumbani na darasani. Kijana apewe agizo moja kwa wakati, akae mbele, na kazi ndefu igawanywe vipande. Sifa zisicheleweshwe: mkulima hapa hupimiwa majani chai siku ileile, lakini bonasi huingoja hadi Oktoba, na ubongo wa ADHD husukumwa zaidi na mizani kuliko bonasi. Viboko, vilivyopigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, havitibu chochote.

Sekondari ya chini, iliyoanza Januari 2023, imeongeza ugumu: mwalimu hubadilika kila somo, hivyo inafaa mmoja ateuliwe kukagua daftari la kijana kila jioni. Likizo ya mwisho wa mwaka nayo huvuruga ratiba, hasa kwa wavulana wa Kipsigis wanaoingia jandoni; wazazi wa anayetumia dawa wazungumze na daktari kabla hajaenda.