Jinsi Watoto wa Shule za Kale Walivyofundishwa Ufundi wa Kuandika

Wako watu wengi wadhanio ya kuwa kuandika ni kipaji cha kuzaliwa nacho, kama sauti nzuri ya kuimba: aliyepewa amepewa, na aliyenyimwa afadhali ashike jembe lake. Neno hili huwavunja moyo watoto shuleni, na wazazi wao pia. Lakini tukichungua habari za zamani twaona kwamba watu waliosifiwa sana kwa kalamu zao walifundishwa kazi ile hatua kwa hatua, kama mwana wa seremala afundishwavyo kushika randa. Tumechagua kueleza habari za shule za Uingereza katika karne ya 16, kwa kuwa mafundisho yake yameandikwa waziwazi, na matunda yake yamefika hata kwetu.

Katika shule zile mtoto alifundishwa Kilatini, lugha ambayo mama yake hakuisema nyumbani. Basi ilimpasa kujifunza lugha na ufundi wa kuandika kwa pamoja. Mwaka 1512 Erasmus, mtaalamu mzaliwa wa Uholanzi, alitoa kitabu kwa ajili ya shule ya St Paul's katika London. Humo alitwaa sentensi moja nyepesi, ya mtu amwambiaye rafiki yake kwamba barua yake imempendeza sana, akaigeuza kwa njia zaidi ya 100. Hakutaka mtoto aandike maneno mengi yasiyo na kazi. Alitaka ajue kwamba neno moja lina ndugu wengi, apate kuchagua lile lifaalo.

Tena walikuwa na ngazi ya mazoezi 14, iliyotungwa na Aphthonius, mwalimu wa Kiyunani wa karne ya 4. Kidato cha kwanza ni ngano ya wanyama, ambayo kila mtoto aweza kuisimulia. Kisha hufuata hadithi, kisha kueleza maana ya mithali, na baadaye kusifu na kulaumu, na kusema kama mtu mwingine angalisema katika furaha au msiba wake. Juu kabisa ni kujadili swali gumu na kupima sheria. Hivyo mtoto hakuambiwa siku ya kwanza, "Andika hoja zako," hali hajapata kusimulia habari za sungura.

Lakini ngazi njema yaweza kuharibiwa na mkono mkali. Mwezi wa Desemba mwaka 1563 wakubwa wa serikali walikuwa wamekaa mezani katika ngome ya Windsor. Ikaletwa habari kwamba wanafunzi kadha wa shule ya Eton wametoroka kwa hofu ya kupigwa. Wengine waliitetea fimbo. Roger Ascham, aliyekuwa amemfundisha Malkia Elizabeth kabla hajatawala, alisema kwamba upendo humvuta mtoto kwenye elimu kuliko hofu. Baadaye Sir Richard Sackville alimwita kando, akamwambia kwamba yeye mwenyewe, kabla ya kutimiza miaka 14, alifukuzwa katika kupenda elimu na mwalimu mmoja kwa hofu ya fimbo. Sasa amekuwa mtu mzima na anajuta, naye hataki mjukuu wake apatwe na hayo. Akamsihi Ascham aandike kitabu. Ascham alifariki mwaka 1568, na mjane wake akakipeleka kitabu kile kupigwa chapa mwaka 1570.

Njia ya Ascham ni nyepesi kueleza. Mwanafunzi hupewa barua fupi ya Cicero, mwandishi mkuu wa Warumi, akaifasiri kwa Kiingereza katika daftari moja. Mwalimu huiondoa ile ya Kilatini. Ikiisha kupita saa moja au zaidi, mwanafunzi huirudisha kwa Kilatini katika daftari la pili. Ndipo mwalimu huweka kazi ya mtoto kando ya kazi ya Cicero. Palipo kosa hapigi wala hafoki, bali husema: hapa Cicero angalitumia neno hili, na hapa angaliliweka pale. Kosa likawa somo, wala si aibu.

Michezo ya kuigiza nayo ilikuwa sehemu ya mafunzo. Kanuni za shule ya Westminster za mwaka 1560 ziliagiza wanafunzi wacheze mchezo wa Kilatini kila mwaka. Nicholas Udall, aliyekuwa mwalimu mkuu wa Eton, alitunga mmoja wa michezo ya kwanza ya kuchekesha kwa Kiingereza, akifuata mfano wa Mrumi Plautus. Hata hivyo mwanafunzi wake Thomas Tusser aliandika baadaye kwamba alipigwa na Udall viboko 53 kwa kosa dogo au pasipo kosa. Tusser akawa mkulima, na mwaka 1557 alitoa kitabu cha mashauri ya kilimo kwa mashairi. Kwa hiyo jembe na kalamu vyaweza kukaa katika mkono mmoja.

Shakespeare, aliyezaliwa mwaka 1564, alikuwa mwana wa mshona mifuko ya mikono ya ngozi, wala hakufika chuo kikuu. Mwenzake Ben Jonson alilelewa na baba wa kambo aliyekuwa mwashi, naye mwenyewe alifanya kazi ya uashi. Jonson alisema kwamba kila shairi lake aliliandika kwanza kwa maneno ya kawaida, kama mwalimu wake Camden alivyomfundisha.

Je, mchezo wahusianaje na insha ya wataalamu? Katika mchezo mwandishi hana budi kumpa kila mtu haki ya kusema, hata asiyempenda. Mwenye kuandika insha naye hupima neno la huyu na la yule kabla ya kutoa shauri. Mfaransa Montaigne alipotoa kitabu chake mwaka 1580 alikiita kwa neno lenye maana ya majaribio, na hata alipofariki mwaka 1592 alikuwa bado akiongeza maneno pembezoni mwa kurasa. Francis Bacon alitoa insha 10 mwaka 1597. Katika toleo la mwaka 1625 zilikuwa 58. Hawakuona haya kurudia kazi yao.

Twaona jambo hilohilo kwetu. Mwaka 1963 Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa Rais, alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar. Ndani yake Brutus anaeleza sababu ya kumwua Caesar, na Antony anajibu mbele ya maiti. Msomaji husikia pande zote mbili. Mwaka 1969 Nyerere aliitoa tena, akiisha kuisahihisha, kwa jina la Juliasi Kaizari. Kiongozi wa nchi mwenye shughuli nyingi alikaa na kalamu kurekebisha kazi iliyokwisha kupigwa chapa. Nani basi atakayejiona mkubwa mno hata asiisome insha yake mara ya pili?

Kwa hiyo twawasihi walimu wenzetu: mtoto aanze na ngano ya bibi yake, kisha mithali, kisha mchezo, kisha hoja; na daftari lenye makosa lisimpeleke kwenye fimbo. Nanyi wazazi, mtoto akiwaomba mumsimulie habari za kale ili aziandike, msimfukuze. Habari zenu nyingi hazijaandikwa popote, na mikono ya kuziandika ni hiyo midogo inayoshika kalamu leo. Ikiogopeshwa sasa, zitazikwa pamoja nasi.