Shahada ya Kushuku: Miaka Mia Moja ya Sayansi ya Jinai Vyuoni

Mwaka 1909 Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, kilifungua taasisi ya polisi wa kisayansi, ya kwanza duniani kufundisha uchunguzi wa jinai kama taaluma ya chuo kikuu. Mwasisi wake, Rodolphe Archibald Reiss, alikuwa mkemia mzaliwa wa Ujerumani aliyebobea katika upigaji picha. Kamera ndiyo iliyomfungulia njia. Kwa mwanga wa pembeni, picha ilidhihirisha nyayo na mikwaruzo ambayo jicho lingeipita tu. Wanafunzi wake walianza kwa kujifunza kutazama.

Kabla yake elimu hii ilikuwa mikononi mwa watendaji. Hans Gross, hakimu wa uchunguzi wa Austria, alichapisha kitabu cha mwongozo mwaka 1893. Huko Calcutta, Azizul Haque na Hem Chandra Bose walisaidia kuunda mfumo wa kupanga alama za vidole, mfumo uliokuja kuitwa kwa jina la mkuu wao, Edward Henry. Ujuzi ulirithishwa kazini, na aliyekosea hakuwa na wa kumsahihisha nje ya kituo chake.

Marekani ilifuata njia mbili. Berkeley, California, mkuu wa polisi August Vollmer alianzisha mafunzo ya askari chuoni mwaka 1916, kisha mwanabiokemia Paul Kirk akayapa uzito wa maabara. Mwaka 1955 Kirk alichunguza madoa ya damu katika nyumba ya daktari Sam Sheppard wa Ohio, aliyekuwa ametiwa hatiani kwa kumuua mkewe. Kesi iliposikilizwa upya mwaka 1966, Kirk alitoa ushahidi, na Sheppard akaachiwa huru.

Njia ya pili ilikuwa Harvard. Mwaka 1931 Frances Glessner Lee, mrithi wa utajiri wa mashine za kilimo, aligharimia idara ya tiba ya sheria. Baadaye alitengeneza vijumba vya kipimo cha 1 kwa 12 vyenye wanasesere waliowakilisha maiti, damu ukutani na kalenda, ili wapelelezi wajizoeze kusoma mahali pa tukio bila kukimbilia jibu.

Ila njia zote mbili zilikatika. Idara ya Harvard ilifungwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya mfadhili wake kufariki, na shule ya kriminolojia ya Berkeley ikafungwa mwaka 1976 katikati ya mvutano wa kisiasa. Taaluma hii ilikuwa na wateja wengi mahakamani na watetezi wachache chuoni. Lausanne iliendelea, na katika miaka ya 1960 Strathclyde, mjini Glasgow, ikaanzisha shahada ya uzamili.

Kilichoibadilisha kabisa mitaala kilitoka maabara ya jenetiki. Mwaka 1984 Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester aligundua jinsi ya kumtambua mtu kwa vinasaba. Polisi wa Uingereza walipomwendea kuhusu mauaji ya wasichana wawili, kipimo kilianza kwa kumsafisha kijana aliyekuwa amekiri moja ya mauaji hayo. Vinasaba vilikuja na hesabu ya uwezekano, na mbinu za zamani zikaulizwa hesabu zao ziko wapi.

Hazikuwa nazo. Mwaka 2004, baada ya milipuko ya Madrid, wataalamu wa FBI walimhusisha wakili wa Oregon na alama ya kidole ambayo polisi wa Hispania walibaini ni ya mtu mwingine. Mwaka 2009 Baraza la Utafiti la Taifa la Marekani likatamka kwamba, ukiacha vinasaba, hakuna mbinu iliyothibitishwa kikamilifu kuweza kuhusisha ushahidi na mtu mmoja mahususi. Miongoni mwa tiba lilizopendekeza ni kuimarisha masomo ya uzamili na uzamivu.

Ndiyo maana takwimu leo zina nafasi kubwa katika masomo haya, sambamba na mazoezi ya kuhojiwa kizimbani. Fundi mzoefu anaweza kusema alama mbili zinafanana. Mwenye shahada anapaswa pia kuiambia mahakama mara ngapi mbinu yake hukosea.